Kadi Kuingia na Kadi Kukubali: Namna ya Kuhakiki Ulinganifu wa Kadi za Nyongeza na Ubao Mama wa Kompyuta ya Mezani

Idara nyingi za lugha na fasihi zina akiba isiyoandikwa katika daftari lolote la mali, nayo ni masanduku ya kaseti. Humo mna ngano, nyimbo za ngoma, mahojiano na wazee wa migodini na wa vijijini, yaliyonaswa na watafiti katika miaka ya 1970 na 1980, na mengi kati ya hayo hayakupata kuandikwa popote. Utepe wa kaseti haudumu milele. Gundi inayoushika unga wa sumaku hulegea kwa joto na unyevu, utepe huvutika, sauti za juu hufifia, na kila kaseti inapochezwa hupoteza kidogo. Kwa hiyo kuihamisha sauti hiyo katika kompyuta ni kazi isiyongoja. Na kwa kuwa utepe uliochoka huenda usistahimili kuchezwa mara ya pili, yafaa ifanywe vizuri mara ya kwanza.

IASA, chama cha kimataifa cha hifadhi za sauti, kinapendekeza katika mwongozo wake uitwao TC-04 kwamba sauti ya namna hii inaswe kwa sampuli zisizopungua 48,000 kwa sekunde, kila sampuli ikiwa na biti 24. Na wengi hupanda hadi sampuli 96,000. Tundu la sauti lililojengwa ndani ya kompyuta za kawaida huweza kuzitaja namba hizo, lakini mara nyingi huingiza pamoja na sauti ya mzee mvumo wa mashine yenyewe. Ndiyo maana idara hutafuta kadi ya sauti ya kuongeza. Na hapo swali ambalo kwa sura ni la fundi hugeuka kuwa la mtafiti: je, kadi hii itakubaliana na kompyuta iliyopo?

Swali hilo lina uzito wa pekee mahali ambapo kadi huagizwa kutoka ng'ambo kwa mkono wa msafiri. Mnunuzi wa Paris au Bruxelles akikosea, huirudisha kadi dukani kesho yake. Mnunuzi wa Lubumbashi akikosea, fedha ya idara imekwisha kupotea, na mwaka mwingine hupita kaseti zikiwa sandukuni. Uhakiki kwake ni kazi ya kabla ya kununua, si ya baada. Makala haya yanakusudia kueleza uhakiki huo, yakifuata zaidi kisa cha kadi ya sauti, ingawa kanuni zenyewe zinahusu pia kadi za picha, za mtandao na za hifadhi.

Maneno yenyewe

Mjini Lubumbashi kompyuta huitwa mara nyingi kwa jina lake la Kifaransa, ordinateur, na ubao wake mkuu huitwa carte mère. Kiswahili sanifu kimepokea picha hiyo hiyo ya uzazi na kusema ubao mama. Ubao huo ndio unaobeba prosesa, kumbukumbu, na chipu zinazoongoza mazungumzo kati ya viungo vyote. Kadi ya nyongeza ni ubao mdogo unaosimikwa juu yake ili kuipa kompyuta uwezo ambao haikuzaliwa nao. Mahali pa kuisimika panaitwa hapa tundu, na kipande cha chuma kinachoishika kadi kwenye ukuta wa nyuma wa sanduku kinaitwa bamba.

Neno la mwisho ndilo zito: ulinganifu. Wanunuzi wengi hulichukua kuwa na maana ya kuingia, yaani kadi ikipata tundu la kuitosha, basi imekubali. Fasili hiyo ndiyo chanzo cha hasara nyingi. Kuingia ni kukubaliana kwa umbo peke yake, na chini ya umbo kuna makubaliano mengine: ya volti, ya njia za data, ya nafasi na nguvu ya umeme, ya programu ya kuwashia, na ya mfumo endeshi. Kadi yaweza kupita matano na kukwama katika la sita.

Umbo, na historia iliyomo ndani yake

Kompyuta ya IBM PC ya mwaka 1981 ilikuwa na matundu matano ya kadi. Tundu la namna hiyo, lililokuja kuitwa ISA, liliongezewa kipande cha pili mwaka 1984 ili lipitishe biti 16 badala ya 8. Katika enzi hiyo umbo lilikuwa jambo jepesi. Tabu ilikuwa kuzigawia kadi namba za kukatiza, IRQ, kwa kuhamisha vibanio vidogo juu ya kadi, kwa maana kadi mbili zikidai namba moja, huenda zote mbili zikanyamaza. Msomaji aliyeifanya kazi hiyo haisahau. Leo ISA haipo tena katika kompyuta za mezani za kawaida, na kadi yake haina dawa nyepesi.

Mwaka 1992 Intel ilitoa PCI, ambayo katika sura yake ya kawaida hupitisha biti 32 kwa mwendo wa megahezi 33, yaani takriban megabaiti 133 kwa sekunde, zikigawanywa kati ya kadi zote zilizomo. Baadaye kadi za picha zilipewa tundu lao, AGP. Kisha ikaja PCI Express, iliyofika katika kompyuta za mezani mwaka 2004. Majina ya PCI na PCI Express yamewapotosha wengi, kwani yanafanana kama ya ndugu wa tumbo moja, lakini matundu yao hayapokei kadi za mwenzake kabisa. Mtu akiambiwa na muuzaji kwamba kompyuta "ina PCI", hana budi kuuliza ipi.

Kwa kadi ya sauti iliyokaa katika droo ya idara, swali hili ndilo la kwanza. Ichukuliwe kwa mfano M-Audio Audiophile 2496, kadi iliyopendwa na wanasauti wengi mwanzoni mwa miaka ya 2000, yenye biti 24 na sampuli 96,000 kama jina lake linavyodokeza. Hiyo ni kadi ya PCI ya kale, na katika kompyuta za mezani za leo tundu hilo ni adimu. Chipu za Intel za mwaka 2011 zilizokusudiwa wanunuzi wa kawaida, kama P67 na H67, hazikuwa tena na PCI ndani yake. Watengenezaji wa mbao mama waliotaka kuendelea kuitoa walilazimika kuongeza chipu ya daraja. Kompyuta za ofisi zilizotumika Ulaya na kuletwa Afrika huangukia katika kipindi hicho cha mpito, nyingine zikiwa na tundu moja la PCI na nyingine zikiwa hazina. Rangi isitegemewe. Matundu ya PCI mara nyingi yalikuwa meupe, lakini hakuna kanuni iliyolazimisha hivyo. Dalili bora ni urefu na mahali pa kizuizi cha ndani: katika PCI Express kizuizi kiko karibu na ukuta wa nyuma, na tundu fupi la x1 lina urefu wa milimita 25 tu, wakati lile refu la x16 lina milimita 89.

Volti

Hapa ndipo panapostahili kukaa, kwa sababu hapa kosa haliishii katika kimya, huweza kuunguza.

Kadi za PCI ziligawanyika kwa volti za ishara, 5 na 3.3. Ili zisichanganyike, wabunifu waliweka kizuizi ndani ya tundu na pengo katika ukingo wa kadi. Kadi ikishikwa na kutazamwa, pengo lililo karibu na bamba la chuma ni alama ya volti 3.3, na pengo lililo mbali na bamba ni alama ya volti 5. Kadi yenye mapengo yote mawili hukubali zote. Matundu ya PCI ya kompyuta za mezani yalikuwa kwa kawaida ya volti 5, ilhali yale marefu zaidi ya seva, yaitwayo PCI-X, yalikuwa ya volti 3.3. Kwa hiyo idara iliyopewa seva ya zamani, ikafurahia kuona matundu mengi, huenda ikakuta kwamba kadi yake ya kale ya sauti, yenye pengo moja la volti 5, haiingii hata katika tundu moja. Kukataa huko ni ulinzi. Mtu asije akachukua tupa na kuongeza pengo la pili, kwani pengo halibadilishi chipu iliyo juu ya kadi.

Kwamba pengo laweza kusema uongo, historia ya AGP inathibitisha. Kadi za AGP za mwanzo zilitumia volti 3.3 na za baadaye volti 1.5, nazo pia zilitenganishwa kwa mapengo. Lakini baadhi ya kadi zilikatwa mapengo ya volti zote mbili ingawa zilihitaji 3.3 peke yake. Na mbao mama zilizojengwa juu ya chipu za Intel 845 na 850 zilistahimili 1.5 tu. Kadi ya namna hiyo ilipowekwa, iliingia bila tabu yoyote, na ubao ukaharibika. Ndiyo sababu pengo husomwa kwanza, kisha likathibitishwa kwa maelezo ya kadi yenyewe.

Kwa PCI Express tatizo hili limekwisha. Kadi za vizazi vyake vyote hutumia volti zile zile za msingi, na kadi ya kizazi kimoja hufanya kazi katika tundu la kizazi kingine kwa mwendo wa aliye mpole kati ya hao wawili.

Njia za data

PCI Express haigawi barabara moja kwa wote. Kila tundu lina njia zake. Alama x1, x4, x8 na x16 hutaja idadi ya njia hizo. Kadi fupi huweza kukaa katika tundu refu: kadi ya x1 hufanya kazi katika x16, na njia zilizobaki hukaa bure. Kinyume chake, kadi ndefu haiingii katika tundu fupi, ila pale mtengenezaji alipoacha mwisho wa tundu wazi.

Lakini urefu wa tundu hautoi hesabu ya njia zilizo nyuma yake. Katika mbao mama nyingi, tundu la pili lenye urefu wa x16 limeunganishwa kwa njia nne tu, kama mlango mpana wa ua unaofunguka kwenye kichochoro. Jibu la hakika limo katika kitabu cha ubao mama, ambacho hutaja kwa mfano "x16, kwa mwendo wa x4". Kitabu hicho hicho hueleza jambo jingine lisiloonekana kwa macho: kwamba baadhi ya matundu hugawana njia na viungo vingine, hivi kwamba diski ya M.2 ikiwekwa mahali fulani, tundu la kadi au milango miwili ya SATA huzimika. Fundi anayeona kadi imekufa ghafla baada ya diski mpya kuwekwa, na aanze hapo.

Je, upungufu wa njia ni hasara? Hutegemea kazi, na hesabu yake si ngumu. Njia moja ya PCI Express ya kizazi cha kwanza hupitisha megabaiti 250 kwa sekunde kila upande, ya kizazi cha pili 500, na ya kizazi cha tatu karibu 985. Kadi ya mtandao ya gigabiti 10 huhitaji megabaiti 1,250 kwa sekunde. Ikiwekwa katika x1 ya kizazi cha pili itafanya kazi, lakini haitafika hata nusu ya uwezo wake, na mwenye nayo ataulaumu mtandao. Sauti, kwa upande wake, ni mzigo mwepesi mno. Idhaa mbili, sampuli 96,000, baiti tatu kwa kila sampuli: jumla ni baiti 576,000 kwa sekunde, yaani chini ya megabaiti moja. Hata PCI ya mwaka 1992 huubeba mzigo huo bila kuhisi. Mtu anayeishauri idara inunue kompyuta mpya ili kaseti zisomwe "kwa kasi" hajaifanya hesabu hiyo.

Nafasi na nguvu ya umeme

Kompyuta nyingi za ofisi zilizotumika ni zile nyembamba. Ndani yake kadi ya kimo kamili, takriban milimita 107, haisimami. Hukubaliwa kadi ya nusu kimo peke yake, takriban milimita 64, nayo iwe na bamba fupi linalolingana. Kadi nyingine huuzwa na mabamba mawili katika boksi moja, na bamba fupi ndilo hupotea kwanza pale kadi inapobadili mikono. Kadi kubwa za picha hufunika nafasi ya matundu mawili au zaidi, na urefu wake lazima upimwe kwa rula kutoka ukuta wa nyuma hadi kizuizi cha kwanza ndani ya sanduku.

Kuhusu umeme, tundu la x16 huweza kutoa wati 75 kwa kadi ya picha. Inayohitaji zaidi huchukua nyongeza kwa waya kutoka kisanduku cha umeme: waya wa pini 6 hutoa wati 75, wa pini 8 wati 150. Kisanduku cha wati 240 cha kompyuta ya ofisi mara nyingi hakina hata waya mmoja wa namna hiyo, na vile vipande vya kuunganishia vinavyouzwa sokoni huongeza plagi bila kuongeza nguvu. Aidha, waya wa pini 8 wa prosesa unafanana na ule wa kadi ya picha, lakini mpangilio wa umeme wake ni wa kinyume. Umbo la pini linazuia kuvichanganya, na mkono wenye nguvu unaweza kulishinda umbo hilo, kwa hasara ya kadi. Kadi ya sauti haina shida yoyote kati ya hizi, isipokuwa ya kimo.

Programu ya kuwashia

Kabla mfumo endeshi haujaamka, kompyuta huongozwa na programu iliyomo ndani ya chipu ya ubao mama: zamani BIOS, sasa UEFI. Kadi za sauti na za mtandao kwa kawaida hazibishani nayo. Wabishi ni wawili. Kadi nyingi za picha zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2012 hazina programu inayoeleweka na UEFI. Zikiwekwa katika kompyuta ambayo hali yake ya kuiga BIOS, iitwayo CSM, imefungwa au haipo, kioo hubaki cheusi ingawa kadi ni nzima. Na diski za NVMe, zikiwekwa kwa kadi ya kuunganishia katika ubao wa kabla ya mwaka 2014 hivi, mara nyingi huonekana na mfumo endeshi, lakini kompyuta haiwezi kuwaka kutoka kwao. Anayetaka diski ya kuhifadhia sauti tu hapati hasara. Anayetaka kuweka humo mfumo wote hupata.

Mfumo endeshi, na namba mbili za kila kadi

Hili ndilo kaburi la kadi nyingi nzima. Kadi haizungumzi na mfumo endeshi moja kwa moja. Huhitaji draiva, yaani programu ndogo ya mkalimani. Draiva huandikwa kwa mfumo fulani na kwa biti fulani: ya biti 32 haifanyi kazi katika Windows ya biti 64, na Windows 11 ipo kwa biti 64 tu. Mtengenezaji akiisha kuacha kuandika draiva, kadi yake hubaki imefungwa katika Windows ya zama zake. Windows XP iliachwa na Microsoft tarehe 8 Aprili 2014, na Windows 10 ilifikia mwisho wa matunzo yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Kubakiza kompyuta ya zamani kwa ajili ya kadi ya zamani huwezekana, ila mashine hiyo isiunganishwe na intaneti, na sauti ihamishwe kwa diski.

Njia ya pili ni Linux, ambayo draiva zake nyingi za sauti hutunzwa na watu wa mradi wa ALSA, si na mwenye kiwanda. Kadi ya Audiophile iliyotajwa hujengwa juu ya chipu ya ICE1712, na draiva ya snd-ice1712 imo ndani ya Linux. Hali ya kadi iliyosahauliwa na kiwanda chake lakini ikakumbukwa na Linux si ya ajabu, na kwa idara isiyo na fedha, ndiyo mara nyingi suluhisho la kweli.

Namna ya kujua mapema ni hii. Kila kadi ya PCI na ya PCI Express hubeba namba mbili za tarakimu nne, zilizoandikwa kwa hesabu ya kumi na sita: ya kwanza ni ya mtengenezaji wa chipu, ya pili ni ya chipu yenyewe. Intel ilijichagulia 8086, jina la prosesa yake ya mwaka 1978. Nvidia ni 10de. Realtek ni 10ec. Chipu ya ICE1712 ni 1412:1712. Jina la biashara lililochapwa juu ya boksi huweza kubaki lile lile huku chipu ikibadilishwa ndani. Namba haifichi badiliko hilo. Kabla ya kulipa, mnunuzi amwombe muuzaji amtumie namba hizo mbili, au walau picha safi ya chipu kubwa iliyo juu ya kadi, kisha azitafute pamoja na jina la mfumo endeshi wake. Muuzaji akikataa, kukataa kwake ni jibu.

Kwa upande wa ubao mama, jina lake huwa limechapwa juu yake, mara nyingi kati ya matundu. Bila kufungua sanduku, Windows hulionyesha kwa amri msinfo32, na Linux kwa amri dmidecode -t baseboard ikitolewa na msimamizi. Kwa jina hilo hupatikana kitabu chake, na kwa kitabu hupatikana idadi ya njia, ugawanaji wake, na orodha ya matundu.

Kusimika na kuthibitisha

Kuizima kompyuta kwa kitufe hakutoshi. Kisanduku cha umeme cha aina ya ATX huendelea kuupa ubao volti 5 za kungojea maadamu waya uko ukutani. Kwa hiyo waya ung'olewe, na kitufe cha kuwasha kibonyezwe mara moja ili umeme uliobaki uishe. Katika Katanga, miezi ya kiangazi huleta hewa kavu, na umeme wa mwilini hujikusanya kwa urahisi. Mkono uguse kwanza chuma cha sanduku, na kadi ishikwe kwa kingo zake. Itelemshwe wima, kwa nguvu sawa pande zote mbili, na bamba lifungwe kwa skrubu, kwa kuwa kadi isiyofungwa huinuka kidogo kila waya wa sauti unapovutwa.

Baada ya kuwasha, uthibitisho wa kwanza usitafutwe katika spika. Katika Windows ya Kifaransa hufunguliwa Gestionnaire de périphériques. Katika Linux hutolewa amri lspci -nn. Namba za kadi zikionekana, umbo na volti vimekubali, na lililobaki ni draiva. Zisipoonekana kabisa, draiva haina hatia: kadi itolewe, miguso yake ya dhahabu ifutwe, ijaribiwe katika tundu jingine. Utengano huo wa maswali mawili huokoa siku nzima ya kazi, kwani watu wengi huzipakia draiva kumi kwa ajili ya kadi ambayo ubao haujaiona. Kwa kadi za PCI Express, amri lspci -vv, ikitolewa na msimamizi, hutaja pia mwendo na njia zilizopatikana, katika mstari wa LnkSta. Ila kadi za picha hujipunguzia mwendo zikipumzika, kwa hiyo zisomwe zikiwa kazini.

Na kama kompyuta haina kabisa tundu la PCI? Kuna kadi za daraja zinazogeuza tundu la x1 la PCI Express kuwa tundu la PCI, na baadhi hufanya kazi vyema, lakini huongeza kimo, na kadi ya sauti hukosa pa kufungia bamba lake. Kwa idara ambayo haijanunua chochote, kisanduku cha sauti cha nje kinachounganishwa kwa USB, cha aina inayotambuliwa bila draiva ya pekee, kina faida zaidi: hakijali ubao mama, hukaa mbali na mvumo wa ndani, na kompyuta ikifa huhamishiwa nyingine. Kadi ya ndani ina haki yake pale ilipo tayari mkononi na tundu lake lipo.

Jaribio la mwisho ni la masikio. Kinanda cha kaseti kiunganishwe, kiwe kimewashwa bila kaseti, na kompyuta inase kimya hicho kwa saa nzima kwa sampuli 96,000 na biti 24. Faili lake litakuwa na takriban gigabaiti 2. Likisikilizwa kwa kupandishwa sauti, mvumo, mikwaruzo au mapengo yatajitokeza. Yakitokea, kadi ihamishiwe tundu lililo mbali zaidi na kadi ya picha, na jaribio lirudiwe. Kisha ichezwe kaseti ya dukani isiyo na thamani, na baada ya hiyo ndipo lifunguliwe sanduku la wazee. Katika daftari la kazi yaandikwe jina la ubao mama, namba mbili za kadi, tundu lililotumika, na toleo la mfumo endeshi na la draiva, ili atakayeikuta kompyuta hiyo imekufa baada ya miaka mitano ajue aitafutie kadi ile mashine ya namna gani.